Gitaa likivuma, usikimbilie utepe wa shaba

Vijana wanaoniletea magitaa hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wengi huja na jibu tayari mkononi. Kijana ameshaangalia video, ameshanunua utepe wa shaba mjini, na anachotaka kwangu ni nifungue gitaa, nibandike utepe ndani ili kelele iishe, nifunge. "Yaya, gitaa iko inalia bule," ananiambia, "unibandikie hii shaba." Huuweka utepe pembeni na kumwomba achomeke gitaa kwenye ampli, apandishe sauti, kisha asipige chochote. Tusikilize kwanza.

Jambo la kwanza ninalofanya ni kuteremsha kitufe cha sauti cha gitaa hadi mwisho. Kitufe kikifika sifuri, waya wa sauti unakuwa umegusana na masi, yaani ule upande wa waya unaounganisha vyuma vyote vya gitaa, kwa hiyo gitaa halipeleki kitu chochote kwenye ampli. Kelele ikiendelea vilevile, gitaa halina kosa. Kosa litafutwe kwenye kebo, kwenye pedali, kwenye ampli yenyewe au kwenye umeme wa nyumba. Nimewaona wapigaji waliotumia jioni nzima kufungua na kufunga gitaa ilhali shida ilikuwa kebo. Kebo za sokoni nyingine ni waya wa spika uliotiwa vichwa vya jeki, vile vya kuchomeka kwenye gitaa na ampli: nyuzi mbili zilizolala bega kwa bega, hakuna wavu wa shaba unaoufunika waya wa katikati. Waya wa namna hiyo kwa spika ni sawa kabisa, lakini kwa gitaa ni antena ya mita tano. Ukiikata kidogo mwishoni utaona mara moja kama wavu upo au haupo.

Kelele ikikatika kitufe kinapofika sifuri, hapo gitaa linahusika, na sasa tunauliza ni kelele gani.

Iko ya kwanza, nene, ya chini, isiyobadilika. Mimi naiita mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde, na mvumo huu huja kwa hezi 50 na kwa hezi 100, ambayo ni mara mbili yake. Mpigaji mwenye masikio ataitambua: ni sol iliyopanda kidogo. Gitaa lako likiwa limetuniwa sawasawa, piga uzi wa sita kwenye kituo cha tatu uache ulie. Noti hiyo ni sol ya hezi 98. Ikikutana na mvumo wa hezi 100 utasikia sauti ikiyumba, ikijaa na kupungua mara mbili kila sekunde. Hiyo inatosha kukuambia unashughulika na nini, bila kifaa chochote. Na siku mtaa uko gizani na kanisa linatumia jenereta ndogo, utasikia mvumo wenyewe ukipanda na kushuka, kwa sababu jenereta ikizidiwa mzigo huzunguka polepole na hezi zake hushuka pamoja nayo. Watu wa huku hufikiri ampli inakufa. Haifi, inaimba wimbo wa jenereta.

(Kuna kichekesho kidogo hapa. Ile njia kubwa ya umeme inayotoka kwenye bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982, husafirisha umeme wa mkondo mnyoofu ambao hauna hezi hata moja. Ukishageuzwa Kolwezi ndipo unapata hizo 50 zinazotusumbua.)

Mvumo huu unatoka kwenye uga wa sumaku wa transfoma. Transfoma iko ndani ya ampli, iko ndani ya stabilaiza ambayo kila mtu Lubumbashi anaiweka karibu na vyombo vyake kwa sababu volti zetu hupanda na kushuka. Pikapu ya gitaa, ile sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, imetengenezwa kwa ajili ya kunasa mabadiliko ya sumaku. Haiwezi kutofautisha uzi unaotetemeka na stabilaiza iliyoko mita moja kutoka hapo. Na hapa ndipo utepe wa shaba unaposhindwa kabisa. Shaba huweza kudhoofisha uga wa sumaku wa hezi 50, lakini inataka unene: kina ambacho uga huo hupenya ndani ya shaba kabla ya kupungua vya kutosha ni kama milimita 9. Utepe wetu ni sehemu ndogo ya milimita moja. Unaweza kulifunika gitaa zima kwa shaba, mvumo utabaki.

Dawa ya mvumo ni mbili. Ya kwanza ni pikapu ya koili mbili, inayoitwa hambaka. Seth Lover, aliyefanya kazi kwa Gibson, kampuni ya magitaa, aliiombea hataza mwaka 1955 na ikatolewa 1959. Koili mbili zimezungushwa kinyume na sumaku zao pia zimegeuzwa, hivyo sauti ya uzi inajumlika na mvumo unajifuta wenyewe. Dawa ya pili haina gharama: geuka. Pikapu ina upande inaopendelea, na ukizunguka polepole na gitaa mwilini utapata pembe ambayo mvumo karibu unapotea. Sogeza stabilaiza mbali. Usiketi juu ya ampli, ingawa najua inapendeza kwenye picha.

Iko kelele ya pili, kavu, yenye mkwaruzo, inayobadilika ukisogeza mkono. Hiyo ndiyo ambayo shaba inaiweza. Inatoka kwenye taa za bei nafuu, chaja za simu, inveta za sola zisizotoa wimbi laini, na haiingii kwa njia ya sumaku. Inaruka hewani kutoka kwenye waya zenye volti, inatua kwenye waya wa ndani ya gitaa, na inatua pia juu ya mwili wa mpigaji, ambao ni antena nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwili wako umesimama karibu na pikapu, umebeba takataka yote ya umeme wa chumba, na unaimwaga ndani.

Ndiyo maana kugusa nyuzi kunapunguza kelele. Nyuzi zimeunganishwa na masi kupitia daraja, kile chuma kinachozishika mwishoni mwa gitaa, na unapozigusa mwili wako nao unaunganishwa na masi, unaacha kuwa antena na unakuwa sehemu ya ngao. Wapigaji wengi wakiona hivyo wanaogopa, wanadhani gitaa limeharibika. Kumbe ni dalili kwamba waya wa masi uko salama. Wasiwasi uwe pale ambapo ukigusa nyuzi hakuna kinachobadilika lakini ukigusa chuma cha jeki kelele inashuka: hapo waya unaokwenda kwenye daraja umekatika. Na ukigusa nyuzi kelele ikapanda, fungua tundu la jeki uangalie. Mara nyingi mtu amelehemu waya mbili kinyume, wa sauti umekwenda upande wa masi.

Kijana mmoja wa kwaya aliniletea gitaa la muundo wa Stratocaster la hali ile ambapo kugusa nyuzi hakubadilishi kitu. Alikuwa ameshabandika shaba mwenyewe, kazi safi, kila pembe imekunjwa vizuri, na kelele ilikuwa imezidi. Nilichukua multimita, kipimo cha umeme, nikaiweka kwenye mlio, hulia ncha zake mbili zikiwa zimeunganishwa, ncha moja kwenye chuma cha jeki, nyingine kwenye uzi. Kimya. Nikahamisha ncha kutoka kwenye uzi kwenda kwenye shaba yake. Kimya tena. Kwa hiyo alikuwa na karatasi nzuri ya chuma isiyoshikamana na kitu, inayokusanya kelele na kukaa nayo karibu kabisa na waya za pikapu.

Nikageuza gitaa nikaondoa kifuniko cha nyuma. Kwenye gitaa la namna hii springi za daraja zimeshikwa na kipande cha chuma chenye meno, na waya wa masi hulehemiwa juu ya kipande hicho. Waya ulikuwa pale, mweusi, umelala juu ya chuma, na tone la risasi, ile ya kulehemia, lililong'aa juu yake. Nikauvuta kwa kibano kidogo, ukanyanyuka pamoja na tone lake lote, kama kifungo kilichokatika uzi. Kiwandani walikuwa wameyeyusha risasi juu ya chuma baridi. Chuma kinene kinanyonya joto, na chuma cha kulehemu kidogo, kile cha wati 25 ambacho tunatumia kwenye redio, hakikiwezi. Nikakikwaruza kwa msasa mpaka kikaonyesha ngozi safi, nikapaka dawa ya kulehemia, nikatumia chuma cha wati 60 chenye ncha pana, nikapasha kipande chenyewe kwanza, risasi baadaye. Risasi ya aina ya 60 kwa 40 huyeyuka karibu nyuzi joto 190. Chuma kikifika hapo risasi inatambaa yenyewe na kulala bapa. Ikisimama kama shanga, hujalehemu.

Kisha nikalehemu waya mfupi kutoka kwenye shaba ya kijana hadi mgongoni mwa potensiomita, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti, ambako masi zote za gitaa hukutana. Multimita ikalia kila nilipogusa. Tulipochomeka ampli, mkwaruzo ulikuwa umekwenda, umebaki mvumo mwembamba wa pikapu ya koili moja, ambao nilimwambia aishi nao au anunue pikapu nyingine.

Kuhusu shaba yenyewe, nitasema machache ambayo video hazisemi. Tunaishi kwenye mji ambao malori ya mabamba ya shaba hupita kila siku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na utepe wa shaba wa upana wa vidole vitatu tunaununua umerudi kutoka China. Basi, kwa kuwa tunaununua, tuuchunguze. Gundi ya utepe mwingine haipitishi umeme. Bandika vipande viwili kimoja juu ya kingine na upime: multimita ikinyamaza, itabidi uweke tone la risasi kwenye kila kiungo. Shaba ya ndani ya gitaa lazima ipande kidogo ukingoni na kugusana na shaba ya chini ya bamba la mbele, la sivyo umejenga chumba bila dari. Na kwenye tundu la jeki, weka utepe wa plastiki mahali ambapo ulimi wa jeki hufunguka kebo inapoingia. Ulimi ule ndio wenye sauti. Ukigusa shaba, gitaa linakuwa bubu, na utatafuta kosa mpaka usiku.

Foili ya alumini ya jikoni inafanya kazi pia. Haikubali risasi, hiyo ndiyo shida yake, kwa hiyo inabidi uibane kwa skrubu yenye waya na kukunja kingo zake pamoja. Kwa gitaa la mtoto anayejifunza, naikubali. Kwa gitaa linalofanya kazi kila Jumapili, hapana; jasho na vumbi la kiangazi huzilegeza zile kingo baada ya muda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko kelele zote hizi. Nimeeleza kwamba nyuzi za gitaa zimeunganishwa na masi, masi inapita kwenye wavu wa kebo, inafika kwenye bati la ampli. Kwa hiyo mpigaji ameshika bati la ampli kwa mikono yote miwili muda wote anaopiga. Bati hilo linatakiwa liunganishwe na ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi. Katika nyumba ngapi hapa kwetu pini ya tatu inafika ardhini? Soketi ya muundo wa Kifaransa ina kile kipini kilichochomoza, kinapendeza, na nyuma yake ukifungua mara nyingi hakuna waya. Au waya upo lakini ekstensheni ya sokoni ina matundu mawili tu. Au mtu amevunja pini ya plagi kwa makusudi, kwa sababu bila pini kelele ilipungua.

Huyo wa mwisho ndiye ninayegombana naye. Ni kweli wakati mwingine kelele hupungua. Kinachotokea ni kwamba ampli na miksa zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na ardhi yake, halafu kebo ya sauti ikaziunganisha tena. Umeme mdogo ukaanza kuzunguka kwenye duara hilo na kuvuma. Kuvunja pini kunakata duara, na kunakata pia njia pekee ambayo umeme ungepita siku waya wa ndani utakapogusa bati. Siku hiyo njia itakuwa mpigaji. Anashika nyuzi, anasogea kwenye mikrofoni kuitikia, na midomo inagusa chuma kilichounganishwa na miksa. Les Harvey, mpigaji gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa namna hiyo, akiwa na gitaa mkononi alipogusa mikrofoni.

Duara hukatwa kwa njia nyingine. Chomeka ampli na miksa kwenye soketi moja, ekstensheni moja nzuri yenye pini tatu, mara nyingi inaisha hapo. Isipoisha, tumia boksi la D.I., kiboksi kinachokaa kati ya chombo na miksa, lenye transfoma ndani na kitufe cha kutenganisha masi. Hicho kinakata masi ya waya wa sauti tu na kuiacha ardhi ya usalama mahali pake. Na mvumo unaotoka kwenye kompyuta ya mpiga kinanda, ujaribu kwanza kwa kuchomoa chaja yake. Ikinyamaza, umempata mwenyewe.

Kabla sijampa mtu gitaa jukwaani nisikolijua, nabeba testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani. Ninagusa nayo nyuzi, ninagusa wavu wa mikrofoni. Ikiwaka, hatupigi mpaka tujue. Mara nyingi ni uvujaji mdogo tu wa ampli isiyo na ardhi, volti karibu nusu ya zile 220 lakini mkondo hafifu, unausikia kama mtekenyo kwenye kidole. Testa haikuambii kama ni huo mdogo au ni ule mwingine, kwa hiyo sifanyi kamari.

Kanisa moja la huku Katuba lilikuwa na mtekenyo huo miaka mingi. Waimbaji walikuwa wameuzoea, walikuwa wanafunika mikrofoni kwa kitambaa na kuendelea na ibada. Nilimwambia papa mchungaji kwamba kabla ya kununua spika mpya anunue fimbo ya shaba. Alinitazama kwa shaka, maana fimbo haisikiki. Tuliipigilia nyuma ya jengo, karibu na mahali maji ya bafu yanapomwagika. Palichaguliwa kwa makusudi: udongo wetu mwekundu ukikauka kuanzia Mei hadi Septemba haupitishi umeme vizuri, na fimbo iliyofanya kazi wakati wa mvua inaweza kuwa pambo tu kufikia Agosti. Wazee wa umeme huchimba shimo na kujaza makaa na chumvi kuzunguka fimbo. Inasaidia, ingawa chumvi huila fimbo taratibu, kwa hiyo mimi naona ni bora maji. Fundi umeme akavuta waya wa kijani na njano hadi kwenye ubao wa umeme wa jengo, akaongeza kile kikata umeme cha miliampia 30 kinachoanguka chenyewe umeme unapovuja. Kazi hiyo ya ubao siifanyi mimi; nashika gitaa, ubao una mwenyewe.

Jumapili iliyofuata kikata umeme kilianguka mara tu walipowasha ampli ya besi. Watu wakaanza kunung'unika kwamba tumeharibu. Tuliifungua ile ampli palepale: waya wa umeme ulioingia kwa nyuma ulikuwa umekwaruzwa na ukingo wa bati mpaka shaba ikaonekana, na ulikuwa unaligusa bati kila sanduku likitikiswa. Kwa muda gani, hakuna aliyejua. Mpiga besi alirudi nyuma hatua kadhaa, akaketi kwenye benchi la kwaya.

Siku hizi ampli ile ina raba mahali waya unapoingia, na yeye amenunua gitaa jipya la besi lenye pikapu mbili za koili moja. Amelileta juzi akilalamika kwamba linavuma akiteremsha kitufe cha pikapu moja, na kunyamaza akifungua zote mbili sawa. Hilo si gonjwa: pikapu hizo zimezungushwa kinyume makusudi, zikilia kwa nguvu sawa zinafutana mvumo kama hambaka. Nimempima masi, ziko sawa, sijamfungulia chochote. Anataka ile sauti ya pikapu ya nyuma peke yake kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea magitaa, na mvumo ataubeba hapo tu. Amesema ngoma zitaufunika.